Kisanduku kipoe, si kipumue

MAFUNDI wengi ninaowasikia Nyeri, Karatina na Nanyuki wana kauli moja wanapofunga vifaa vya intaneti au kamera za ulinzi nje ya jengo: "Hiki kisanduku lazima kipumue." Basi wanatwaa drili, wanatoboa matundu mawili matatu, kazi imekwisha. Nia yao ni njema, kwa kuwa vifaa vya elektroniki huharibika upesi vikipata joto jingi. Tatizo ni kwamba kitenzi walichokichagua ndicho kinachoupeleka mkono kwenye drili. Leo tukipime kitenzi hicho.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofaa zaidi: kupoa na kupoza. Uji ukiachwa mezani hupoa. Ukiupuliza, unaupoza. Poa si kitenzi elekezi. Poza ni kauli yake ya kutendesha, kama vile jaa inavyozaa jaza, na lala ikazaa laza. Wahandisi nao wana njia hizo hizo mbili. Feni au kiyoyozi hupoza kifaa, na hula umeme. Kisanduku kilichofungwa kabisa, bila feni, hupoa chenyewe kupitia kuta zake.

Mtu akitafsiri kutoka Kiingereza neno kwa neno atavutika kuiita njia hii ya pili "upozaji tuli". Mimi sioni kama inafaa. "Tuli" humfanya mwanafunzi adhani hakuna kinachoendelea humo ndani, ndipo anaona lazima aongeze kitu. Napendekeza tuseme "upoaji", na "upozaji" tuiachie feni. Tena tuangalie tahajia: kupooza ni jambo jingine. Ukiandika kwamba kisanduku kimepooza, msomaji atafikiria kiharusi.

Hebu tuone kinachoendelea. Chukua kifaa kinachotumia wati 20. Karibu umeme wote huo huishia kuwa joto ndani ya kisanduku. Joto hilo husafiri kutoka kwenye kifaa hadi ukutani. Huko nje, ukuta huliachia hewa inayopanda polepole, na sehemu nyingine huondoka kwa mnururisho. Ndiyo maana fundi mwangalifu hukikaza kifaa kwenye bamba la alumini linalogusana na ukuta, au huchagua kisanduku chenye mapezi kwa nje ili eneo la kuachia joto liwe kubwa.

Lakini adui mkubwa wala si kifaa. Ikweta inapita Nanyuki, na jua la saa sita mchana, anga ikiwa wazi, huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita mraba. Kifuniko cha sentimita 40 kwa 25 kinapigwa na wati 100, mara tano ya joto la kile kifaa chetu. Kikiwa cheusi, hunyonya sehemu kubwa yake. Rangi nyeupe, pamoja na kipande cha bati kilichoinuliwa sentimita chache juu ya kifuniko ili kitie kivuli, vinasaidia kuliko matundu. Wenyeji watasema eti huku kwetu ni baridi. Kweli, lakini hiyo ni hewa ya kivulini. Tena Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na hewa nyepesi si mchukuzi hodari wa joto.

Sasa turudi kwa kupumua. Kisanduku hupumua kweli, ila huko kupumua ndiko kunakokiua. Mchana hewa ya ndani hupanuka na kutoka kupitia kila mwanya. Usiku, baridi ya mlimani ikishuka, hewa iliyobaki husinyaa na kuvuta ndani hewa yenye unyevu. Unyevu ukikutana na chuma baridi hugeuka matone, na matone yanakula viungio vya waya. Matundu ya drili huongeza vumbi, sisimizi na mvua ya masika. Visanduku vizuri huwekewa kizibo chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Kazi ya kizibo hicho ni kusawazisha shinikizo, si kupoza.

Anayetaka mfano mkubwa zaidi atazame transfoma juu ya nguzo ya umeme. Haina feni. Mafuta yaliyomo hupata moto, hupanda, hupita kwenye mapezi au mirija ya pembeni, hupoa, kisha hushuka tena. Mwizi anayefyonza mafuta hayo ameinyima transfoma njia ya kupoa. Ikiungua, kijiji kizima kinabaki gizani.

Kwa mwalimu wa chuo cha ufundi, ombi langu ni dogo. Mwanafunzi akisema kisanduku kipumue, muulize joto litapitia wapi kutoka kwenye kifaa hadi nje, na jua linakipiga upande gani. Akiyajibu hayo mawili, atahitaji tundu moja tu, la kupitishia waya, nalo litobolewe upande wa chini na kuzibwa vizuri.