Kifaa Kinachopima Umeme Ukienda na Ukirudi

Chumba cha mbao kilichojengwa bustanini, kwenye mteremko mmojawapo wa Kigali, hakihitaji umeme mwingi: taa, soketi tatu au nne, labda birika la chai. Lakini mbao huwaka, na masika ya Machi hadi Mei huloanisha udongo, viatu na kuta. Ndiyo maana kifaa cha thamani kuliko vyote katika boksi la umeme la chumba hicho ni kile ambacho mafundi wengi hukiita RCD.

Ndani yake mna pete ya sumaku. Waya wa moto na wa nyutro hupita humo kwa pamoja. Mambo yakiwa sawa, umeme wote unaokwenda kwa waya mmoja hurudi kwa mwingine, na nguvu zao za sumaku hufutana. Mtu akigusa kebo iliyochubuka huku amesimama kwenye udongo mbichi, sehemu ya umeme hupitia mwilini mwake na kuzama ardhini. Hapo hesabu hailingani tena. Pete huihisi tofauti hiyo na swichi hufyatuka. Aina ya kulinda watu hukata tofauti isiyozidi miliampea 30, ndani ya theluthi ya sekunde.

Breka ya kawaida ya ampea 16 haiwezi kuokoa maisha hapo, kwa kuwa kiwango chake ni zaidi ya mara 500 ya miliampea hizo.

Afrika ina mchango wake katika historia hii: miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin alitengeneza vifaa vya namna hii Afrika Kusini, vikatumika kulinda wachimbaji wa dhahabu.

Rwanda ina sababu yake ya kukithamini kifaa hiki. Plagi zake ni za pini za mviringo kama za Burundi na Kongo, ilhali Uganda, Kenya na Tanzania hutumia ile ya Kiingereza ya pini tatu za mstatili, ambayo hubeba fyuzi ndani. Plagi ya pini za mviringo haina fyuzi. Ulinzi wote basi huanzia kwenye boksi, na soketi yenye matundu mawili tu haina hata eathi.

Kwa hiyo fundi mwenye leseni ya RURA, mamlaka ya Rwanda ya kudhibiti huduma za umma, hupitisha nyaya ndani ya mabomba ya plastiki: milimita 2.5 za mraba kwa soketi, 1.5 kwa taa. Kebo ya kutoka nyumba kubwa huzikwa, na juu yake hutandazwa utepe wa onyo ili jembe lisiifikie.

RCD ina kitufe chenye herufi T. Kikibonyezwa, swichi hupaswa kuanguka papo hapo; isipoanguka, ibadilishwe. Hata ikiwa nzima, haimlindi anayeshika waya wa moto na nyutro kwa wakati mmoja, wala haioni skrubu iliyolegea inayopata joto kimyakimya nyuma ya soketi. Mbao mbichi hukauka na kusinyaa, maboksi ya soketi yakacheza. Kwa hiyo baada ya miezi michache umeme uzimwe kwenye swichi kuu, fundi afungue kila soketi na kukaza skrubu upya.