Shughuli ni Watu, Si Picha

Kuna msemo ambao akina mama hupenda kuuvaa kwenye leso zao: shughuli ni watu. Maana yake ni kwamba pilau iwe tamu namna gani, na mahema yapambwe kwa rangi gani, pasipo watu hapana sherehe. Sisi tunaopanga harusi siku hizi tumeusahau msemo huo. Tunaipanga siku nzima kwa ajili ya picha, kisha tunashangaa kwamba picha zenyewe hazina watu.

Nasema haya kama mkosaji, si kama hakimu. Mnamo Agosti 2018, binti wa kaka yangu aliolewa nyumbani kwetu Kakamega. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha, kamati ilinitwika ukatibu, na ratiba ya siku ile niliiandika kwa mkono wangu. Ibada ilipangwa kuanza saa nne asubuhi na kwisha saa sita. Baada ya hapo niliandika neno moja tu: "Picha." Sikusema ni picha za nani, wapi, wala kwa muda gani. Mtu anayewafundisha wengine sarufi alitunga sentensi isiyo na kiima, kiarifu wala kielezi!

Matokeo yake yalikuwa haya. Ibada ilichelewa kwa saa moja. Ilipokwisha, maarusi na wapambe wao waliandamana na mpiga picha hadi bustani ya hoteli moja mjini. Wageni walibaki chini ya mahema wakingoja, maana kamati ilikuwa imeamua kwamba hakuna atakayepakuliwa chakula kabla bi harusi hajafika. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Mama yetu, ambaye ndiye aliyemlea bi harusi tangu utotoni, alikuwa ameketi mstari wa mbele katika gauni jipya aliloshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 82. Kwetu mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, na mawingu yalipoanza kutanda tulimwomba jirani mwenye gari amrudishe nyumbani kabla njia haijaharibika. Maarusi walifika saa kumi na nusu, mvua ikinyesha.

Mama alifariki Machi 2019. Tulipotafuta picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi, binti yetu alileta kompyuta yenye picha zote za harusi yake, zaidi ya 600. Tulizipitia moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzuri kweli: pete, maua, viatu, keki, maarusi chini ya mti, maarusi kando ya gari. Nyanya hakuwamo hata katika moja. Hata kanisani kamera ilikuwa imewaelekea maarusi na wapambe tu. Binti yetu hakusema neno. Aliifunga kompyuta, akatoka nje.

Sina ugomvi na picha. Chakula huliwa kikaisha, nguo hukunjwa zikawekwa sandukuni, na wazee wetu hutuaga. Picha ndizo hubaki. Kwa sababu hiyo hasa, hazifai kuachiwa bahati. Kosa letu halikuwa kupiga picha, bali kutozipangia.

Tuanze na jua. Katika nchi yetu, inayopitiwa na ikweta, jua la adhuhuri huwa utosini. Hutia vivuli machoni na kuwafanya watu wakunje nyuso. Saa hiyo watu wasimamishwe penye kivuli, chini ya mti mkubwa au ubavuni mwa kanisa. Nuru laini hurudi jioni, katika saa ya mwisho kabla ya jua kuchwa. Tena kwetu saa ya kuchwa hubadilika kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna katibu awezaye kusingizia kwamba hakuijua.

Picha za jamaa zipigwe mara tu ibada inapokwisha, kabla mtu yeyote hajaondoka uwanjani. Katibu aandike makundi yote, wazee wakitangulia. Makundi 10, kila moja likipewa dakika 3, ni nusu saa tu. Orodha hiyo ashike shangazi au mjomba anayezijua nyuso, kwa maana mpiga picha, hata awe stadi vipi, hawezi kumtambua nyanya wa mtu. Wageni wengine nao waanze kupakuliwa chakula papo hapo. Maarusi wakishakula na kupongezwa, na watoke kwa dakika 20 jioni, wapigwe picha zao za peke yao. Hivyo hakuna atakayengoja, wala atakayesahauliwa.

Lipo pia la simu. Siku hizi bi harusi anapoingia kanisani hukutana na ukuta wa mikono iliyoinuliwa, na nyuso alizotaka kuziona zimejificha nyuma yake. Huko Mombasa na Lamu, katika sherehe ya kupamba, ambapo bi harusi huonyeshwa kwa wanawake pekee, si ajabu wageni kukatazwa kupiga picha. Sababu yake ni sitara, lakini ina faida ya pili: wanawake hucheza na kupiga vigelegele bila kuogopa kwamba kesho wataonekana na kila mtu. Nanyi wanafunzi, ambao simu haziwatoki mkononi, mkiombwa kuziweka mfukoni wakati wa ibada, msinune. Mtapewa nafasi baadaye.

Kila shule zinapofungwa, Agosti na Desemba, Jumamosi hujaa harusi, na aghalabu mwalimu ndiye hukabidhiwa kalamu ya kamati. Mwalimu mwenzangu, zamu yako ikifika, usiandike "Picha" ukaishia hapo. Andika saa, andika mahali, kisha andika majina. Na jina la kwanza liwe la yule mzee aliyeketi mstari wa mbele, ambaye atachoka kabla ya wengine.