Polisi Wakibisha Mlangoni



Tukitembelea vikundi, swali hili hurudi mara kwa mara: "Polisi wanaweza kuingia tu nyumbani na kupekua?" Mweka hazina mmoja alituambia kwamba halali vizuri, kwa kuwa kasha la kikundi liko chini ya kitanda chake. Wakija kutafuta chang'aa, waondoke na kasha, atawaambia nini wenzake?

Jibu liko katika Katiba ya 2010, kifungu cha 31. Kila mtu ana haki ya faragha: yeye mwenyewe, nyumba yake na mali yake visipekuliwe, vitu vyake visichukuliwe, wala mawasiliano yake yasiingiliwe. Nyumba ya udongo ni nyumba sawa na ya mawe.

Lakini haki hii ina mipaka. Hakimu anaweza kutoa kibali cha upekuzi akionyeshwa kwa kiapo kwamba kuna sababu. Kibali hutumika kati ya macheo na machweo, isipokuwa korti iruhusu saa nyingine. Ukionyeshwa kibali, fungua mlango. Ukikataa, wanaweza kuuvunja.

Pia Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, ya 2011, inaruhusu upekuzi bila kibali pale jambo ni la haraka na afisa ana sababu ya maana. Sio kubahatisha tu! Na vitu vilivyochukuliwa ni lazima viandikwe na vifikishwe kortini bila kuchelewa.

Sasa ufanye nini?

1. Usipigane, usikimbie, usitoe kitu kidogo.
2. Uliza jina la afisa, kituo chake na kibali. Soma kama mahali palipotajwa ni kwako.
3. Kama hakuna kibali, sema kwa upole: "Sijakubali, lakini sitawazuia." Kunyamaza kunaweza kuchukuliwa kuwa umekubali.
4. Ita jirani ashuhudie. Andikeni kila kitu kinachochukuliwa. Pesa zihesabiwe mbele yenu.
5. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa heshima.
6. Ukionewa, ripoti kituoni na upewe nambari ya OB. Unaweza pia kulalamika kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza makosa ya polisi.

Jambo lingine watu wengi hawalijui: kifungu cha 50 kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ukataliwe, ikiwa kuukubali kutaharibu haki katika kesi. Kwa hiyo yale mliyoandika siku ile yanaweza kuokoa mtu.

Kwa vikundi tunashauri hivi: daftari la hesabu lisikae ndani ya kasha. Liwekwe kwa katibu, na pesa nyingi ziende benki. Kasha likichukuliwa, daftari ndilo litakaloonyesha kwamba pesa ni za kikundi, wala si za mwenye nyumba.

Ya kujadili mkutanoni: Je, kasha letu likichukuliwa leo, tuna karatasi gani ya kuonyesha ni letu?