Gari la familia linachemsha? Kagua mfuniko wa rejeta kabla ya kufungua injini

Kwenye barabara ya Tarime kwenda Mugumu, inayopita Nyamwaga na Nyamongo kabla ya kuvuka Mto Mara, gari la familia mara nyingi ni Toyota iliyotoka kiwandani miaka 15 au zaidi iliyopita. IST, Probox, Spacio, Noah, Carina. Lilifika nchini likiwa limeshatumika Japani, na tangu hapo limebeba watoto wa shule, magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi na wagonjwa wa usiku wa manane.

Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila likiwa kuukuu linatozwa ushuru zaidi. Familia ikishalipia yote hayo, hailiachi gari kirahisi. Linatengenezwa, linatengenezwa tena.

Tatizo ni jinsi linavyotengenezwa. Wenye magari wengi pesa yao inaishia kwenye kubahatisha. Leo zinabadilishwa plagi, kesho pampu ya mafuta, wiki ijayo betri, na ugonjwa bado uko palepale. Ubovu mwingi wa gari la umri huo unaweza kujulikana kwa macho, masikio, mita ndogo ya umeme na maswali machache, kabla hata spea moja haijanunuliwa.

Mfano mzuri ni gari linalochemsha.

Mji wa Tarime uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo, maji kwenye sufuria huchemka yakifika karibu nyuzi joto 95, si 100 kama Dar es Salaam. Injini nyingi za petroli hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Maana yake maji ya rejeta yapo muda wote karibu na kuchemka, na kinachoyazuia ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta.

Mfuniko mzima, wenye springi na mpira visivyochoka, huyafanya maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 115 hivi. Mpira ukikatika au springi ikilegea, mgandamizo unatoka, maji yanachemka mapema, yanamwagikia nje, na mwenye gari anaambiwa gasketi imeungua. Mfuniko ni kati ya spea za bei ndogo kabisa kwenye gari zima. Kwanza uangaliwe huo, injini ikiwa imepoa kabisa. Kufungua rejeta ya moto kumewaunguza watu nyuso na mikono, na kitambaa hakisaidii.

Swali la pili ni la kumjibu fundi: linachemsha wakati gani?

Likichemsha likiwa limesimama, kwa mfano kwenye foleni ya malori pale Sirari, na kupoa likianza kwenda kasi, mshukiwa wa kwanza ni feni. Huenda injini yake imekufa, au waya, fyuzi, rilei au sensa inayoiamuru iwake. Likiwa sawa mjini lakini linachemsha likipanda mlima na mzigo, macho yaelekee kwenye rejeta iliyoziba, maji yaliyopungua, mkanda unaoteleza au wota pampu. Na likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, huku mapovu yanatoka kwenye rejeta na moshi mweupe mzito hauishi hata injini ikipata moto, hapo ndipo gasketi ya silinda hedi inapoingia kwenye mazungumzo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi mwingine.

Rejeta kuziba si lazima iwe kwa ndani. Gari linalotoka Nata au Isenye kipindi cha kiangazi linarudi na vumbi, mbegu za nyasi na wadudu wamejaa kwenye mapezi ya rejeta. Masika ni tope. Hewa haipiti. Kuosha kwa maji ya kawaida kutoka upande wa nyuma kwenda mbele kunatosha. Mashine ya kuoshea yenye nguvu ikisogezwa karibu inakunja mapezi na kuharibu kabisa.

Kwa ndani, adui ni maji ya kisima. Yana chumvi zinazoganda kwenye vinjia vya rejeta na hayana kinga ya kutu. Kulanti, pamoja na kuzuia kutu, nayo hupandisha kiwango cha kuchemka. Kulanti ya kukoleza huchanganywa na maji safi, yaliyotakaswa kama ya betri, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chupa. Iliyokwisha kuchanganywa haiongezwi kitu.

Halafu kuna njia ya mkato maarufu kwenye gereji bubu: kutoa themostati na kuitupa. Kisingizio ni kwamba "huku kuna joto, haina kazi". Ina kazi. Ndiyo inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Bila hiyo, asubuhi za baridi za Tarime injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada na oili inachafuka haraka. Kibaya zaidi, kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikishapata joto huziba pia njia ya mkato ya maji ndani ya injini. Ikitolewa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari lililokuwa linachemsha kidogo linachemsha zaidi mlimani.

Kuipima hakuhitaji mashine. Inafungwa kwa kamba na kuning'inizwa kwenye sufuria ya maji jikoni bila kugusa chini. Nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kwa hiyo hata Tarime inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka, na kujifunga yakipoa. Isipofunguka, inanunuliwa nyingine.

Mshale wa joto ukipanda njiani, AC izimwe, hita ifunguliwe yote na feni yake iwe juu kabisa. Abiria wataungua, lakini hita ni kama rejeta ndogo ya pili. Gari likifika mahali salama lisimamishwe na injini izimwe. Kwenda "mpaka pale mbele tu" ndiko kunakopinda silinda hedi.

Asubuhi haliwaki

Hapa betri ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Kabla ya kununua mpya, terminali ziangaliwe: unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kupita. Maji ya moto na brashi vinautoa, baada ya kufungua terminali, ile ya hasi ikitangulia.

Mita ya umeme ya kawaida inamaliza ubishi. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 au chini, haina chaji. Injini ikiwaka, namba inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, betri haina kosa, altaneta haichaji au mkanda wake umelegea. Ikiwa betri inasoma vizuri, taa zinawaka kwa nguvu, lakini ufunguo ukigeuzwa unasikika mlio mmoja tu, "tak", basi stata ndiyo ya kuangaliwa.

Wapo mafundi wanaopima altaneta kwa kuchomoa terminali ya betri injini ikinguruma. Kwenye magari ya zamani sana yasiyo na kompyuta ilipita. Kwenye gari la miaka ya 2000, umeme unaoruka wakati huo unaweza kuchoma kompyuta ya injini, na bei yake hailingani hata kidogo na ya mita.

Taa ya injini

Ile taa ya njano yenye umbo la injini haisemi kifaa gani ni kibovu. Inasema kompyuta imeona jambo na kuliandika kwa kodi. Kodi husomwa na mashine ya fundi, au na kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuunganishwa na simu kwa Bluetooth. Ila baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayasomeki na vifaa hivyo vya bei rahisi, hivyo ni bora kujaribu cha rafiki kabla ya kununua.

Gari linalokohoa na kutetemeka likiwa sailensa mara nyingi hutoa kodi ya P0301 hadi P0304. Namba ya mwisho ni silinda isiyochoma vizuri. Ikiwa ni P0302, koili ya silinda ya pili inahamishiwa ya tatu, kodi inafutwa na gari linaendeshwa. Ikirudi ikiwa P0303, koili ndiyo mbovu na inanunuliwa moja, si nne. Ikibaki P0302, plagi nayo inahamishwa vilevile kabla ya kwenda kwenye nozeli. Dakika 20 za kazi, bila senti ya spea.

P0171 inamaanisha hewa imezidi petroli. Kwenye barabara za vumbi chanzo cha kawaida ni mpira wa hewa uliopasuka baada ya sensa, au sensa yenyewe kuchafuka kwa sababu filta ya hewa haikukaa vizuri. Filta nyingi hupulizwa kwa kompresa mpaka karatasi inatoboka, kisha hurudishwa.

Taa ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, safari iahirishwe. Petroli isiyoungua inaingia kwenye sailensa na kuyayeyusha masega. Na masega yenyewe, fundi anayeomba kuyatoa "gari lipumue" na kuondoka nayo, aulizwe anayapeleka wapi. Yana madini ya thamani ndani yake, na yana soko.

Milio ya chini

Mashimo na makorongo hayalisamehe gari kuukuu. Mlio wa "ka-ka-ka" usukani ukikatwa mpaka mwisho ni sivi jointi, na kwa kawaida ulianza na mpira wake kupasuka, grisi ikatoka, mchanga ukaingia. Mpira ukibadilishwa mapema, jointi inapona.

Kugonga kwenye matuta kunaweza kuwa bushi, linki za stabilaiza au shokapu, na hivi vinaudhi zaidi kuliko kuua. Boljointi ni habari nyingine. Ikichomoka, tairi linalala pembeni gari likiwa mwendoni. Gari linainuliwa kwa jeki na kuwekewa stendi, tairi linashikwa juu na chini na kutikiswa, kisha kulia na kushoto. Likicheza juu na chini, ni boljointi au beringi. Likicheza kulia na kushoto tu, tairodi. Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa mchezo huo kwa macho yake kabla ya kulipa.

Breki haziahirishwi

Rejeta inaweza kungoja mwisho wa mwezi, breki haziwezi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kwa viwango vya kimataifa, DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 140. Kwenye mteremko mrefu, gari limejaa watu na dereva amekanyaga breki muda wote, mafuta ya zamani yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na pedeli inazama bila gari kusimama. Mafuta hayo hubadilishwa kila miaka miwili hivi, na mteremko hushukwa kwa gia ndogo.

Pedeli laini inayokuwa ngumu ikipigwapigwa ina hewa ndani, au pedi na viatu vya breki vimekwisha. Inayozama taratibu ikishikiliwa ni masta silinda, au kuna mahali panavuja. Gari linalovuta upande mmoja lina kalipa iliyokwama, na tairi la upande huo huwa la moto kuliko mengine. Fundi akipendekeza kuziba bomba la tairi moja linalovuja "ili ufike nyumbani", gari libaki hapo hapo gereji.

Spea nyingine hazipatikani Tarime wala Mugumu na huagizwa Mwanza au Dar es Salaam, na hapo ndipo makosa ya "hii inafanana" huanzia, maana hata IST mbili zinaweza kuwa na injini tofauti. Picha ya kibati chenye namba ya chesisi na aina ya injini, ikikaa kwenye simu, inamwezesha muuza spea kutafuta kitu chenyewe. Picha ya pili iwe ya spea ya zamani, namba zake zikisomeka, nayo ipigwe kabla fundi hajaitupa.