Daftari la Shule ni Letu Sote

Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yatangazwapo, barazani Kibokoni huzuka mazungumzo yale yale. Walimu hulaumiwa kwa uzembe, vijana kwa simu, akina mama na akina baba kwa kutojali. Wachache huuliza swali lililostahiki kutangulia: je, shule ilipewa nini, na ilipewa lini?

Tangu Januari 2003, mtoto wa shule ya msingi ya umma nchini Kenya halipi karo. Badala yake, serikali kuu huipa shule mgao kwa kila mwanafunzi. Mgao uliopangwa ni shilingi 1,420 kwa mwaka katika shule ya msingi, 15,042 katika sekondari msingi, na 22,244 katika sekondari ya kutwa. Walimu walioajiriwa na TSC hulipwa kando ya fedha hizo.

Natupige hesabu. Shilingi 1,420 zikigawanywa kwa miezi 12 ni shilingi 118 na senti kidogo kwa mwezi. Kwa upande wa sekondari, Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliieleza kamati ya Bunge kwamba uwezo uliopo ni kama shilingi 16,900 kwa mwanafunzi. Hapo pana upungufu wa shilingi 5,344. Shule yenye wanafunzi 400 hukosa shilingi 2,137,600 kwa mwaka. Cheti cha mtahiniwa hakiandiki upungufu huo, ila huandika alama yake: maabara isiyo na kemikali, na mwalimu wa ziada ambaye bodi haikuweza kumlipa.

Isitoshe, mgao hufuata idadi ya vichwa, wala haujui umri wa jengo. Wanafunzi wakipungua, fedha hupungua. Paa linalovuja halipungui gharama.

Yafaa pia tujue mlango wa kubisha. Kwa Katiba ya 2010, kaunti imekabidhiwa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu. Lakini mlango ulio karibu zaidi ni wa shule yenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imewapa wazazi viti sita katika bodi ya usimamizi. Viti hivyo si vya heshima tu. Anayevikalia ana haki ya kuuliza mambo matatu: ziliingia shilingi ngapi, siku gani, na zimetumikaje.

Wala kuchangia elimu si jambo geni kwetu. Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951, ilijengwa kwa michango ya Sayyid Khalifa bin Haroub wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Sadaka yenye kuendelea yaweza kuwa maabara, kama iwavyo kisima.

Lakini mchango haumwondolei mwenye wajibu wajibu wake. Tutoe, na tuulize. Katika mkutano ujao wa wazazi, mzazi mmoja aombe hesabu isomwe mbele ya wote, kwa adabu na bila woga. Wahenga walishatuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.