Klipu ya Ekseli ya Mbele: Kweli au Si Kweli?

Peleka Land Cruiser inayogonga mbele kwenye gereji za Nyakato, Mwanza, na jibu la kwanza huwa moja: jointi ya CV imekufa. Huenda ni kweli. Lakini kwenye ncha ya ekseli, chini ya kifuniko cha habu, kuna pete ndogo ya chuma cha springi iliyokatwa upande mmoja. Ni klipu ya bei ndogo mno ukilinganisha na jointi, na maneno yanayosemwa juu yake ni mengi.

“Klipu ikikatika, gurudumu linachomoka.” Si kweli, angalau kwa Land Cruiser 70, 80 na 100. Gurudumu linashikwa na beringi na nati zake. Klipu inazuia ekseli isirudi ndani, basi. Ikikatika, ekseli huanza kutembea, meno yake yanashika flenji ya habu kwa sehemu tu, nayo huliwa upesi. Hofu ya gurudumu kuchomoka ina mahali pake: kwenye ekseli za nyuma za baadhi ya magari ya Marekani, klipu iliyo ndani ya difu ndiyo inayoshika ekseli pamoja na gurudumu lake. Huko ikiachia, gurudumu hutoka kweli.

“Gari likilia kak-kak-kak kwenye kona, klipu imelegea.” Si kweli. Mlio huo wa kujirudia, unaoongezeka ukikata usukani mpaka mwisho, ni wa jointi. Klipu yenye mwanya mkubwa hugonga mara moja: unatoa gia ya rivasi unaweka ya mbele, “ko!”, kisha kimya. Kwenye Land Cruiser 100 nyingi mlio huu husikika zaidi kwa sababu magurudumu yake ya mbele yanavuta muda wote.

Usikisie, pima. Vua kifuniko cha habu. Kwenye ncha ya ekseli kuna tundu lenye uzi; funga bolti ya milimita 8 uvute ekseli nje mpaka ikome, kisha pitisha fila, kile kipimo cha mwanya, kati ya klipu na flenji. Kwa Land Cruiser 100, Toyota inataka mwanya usiofika milimita 0.2. Ukiwa mkubwa zaidi, weka klipu nene zaidi. Kama mwanya uko sawa na kugonga bado kupo, tazama meno ya flenji: yakiliwa, hakuna klipu itakayoyaponya.

“Klipu ni klipu, chukua yoyote inayoingia.” Si kweli, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Klipu hizo hutengenezwa kwa unene tofauti ili fundi achague inayoziba mwanya aliopima. Nyembamba itaingia kirahisi, na kugonga kutarudi nayo. Wapo pia wanaochomelea ncha ya ekseli kwenye flenji. Usikubali: moto unaharibu ugumu wa chuma, na siku ya kubadilisha beringi itabidi uite grainda.

“Klipu ya zamani ikibanwa kwa koleo inarudi kuwa mpya.” Si kweli. Ikishapanuliwa kupita kiasi, springi yake imekwisha. Hilux kuanzia Vigo ina nati badala ya klipu upande wa gurudumu, lakini upande wa difu kuna klipu ya mviringo inayofungwa mpya kila ekseli inapotolewa. Wakati wa kuirudisha, uwazi wake uelekee chini. Kisha vuta jointi kwa mkono. Ikitoka, haikukaa, na oili ya difu itaanza kumwagika barabarani.

“Maji ya ziwa hayana chumvi, hayadhuru habu.” Nusu kweli. Ziwa Victoria halili chuma kwa kasi ya bahari. Lakini pikapu inayorudishwa majini mwaloni kupakia dagaa, baada ya mwendo mrefu, imeingia na habu za moto. Zinapopoa ghafla, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Grisi ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Beringi, klipu na meno vinaanza kushika kutu. Osha, kausha, badilisha sili, paka grisi mpya.

“Kila lori lina klipu hizi.” Si kweli. Fuso na Scania nyingi zinazovuka Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, zina ekseli ya mbele ya kukata kona tu, haivuti. Mbele ikicheza, anza na kingipini na beringi.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha ya jointi, mwambie fundi avue kifuniko cha habu mbele yako na akuonyeshe mwanya. Kama hana fila, tafuta fundi mwingine.