Kwa nini sehemu ya kiasi inakataa herufi

Uko dukani Bute, unamlipa mwenye mbuzi kwa kompyuta. Ukiandika 15O00, yaani herufi O badala ya sifuri, programu inakataa. Si ukorofi. Kompyuta hupokea unachobonyeza kama maandishi tu mpaka iyageuze kuwa namba. Isipogeuza, 1500 ukiongeza 300 inaweza kukupa 1500300. Hebu fikiria hiyo ni bei ya mbuzi!

Ndiyo maana tunakagua kwanza, kisha tunakuonyesha kiasi kikiwa na koma: Ksh 15,000.00. Angalia hiyo koma, kwa sababu 15000 na 150000 ukiwa na haraka zinafanana kabisa. Soma na jina la mpokeaji. Ukiona kuna kitu hakiko sawa, rudi nyuma. Kabla ya kubonyeza Tuma, pesa bado ni zako.